Vueni Watoto Vibao!



Leo siandiki juu ya kadi wala juu ya ada. Naandika juu ya kipande cha ubao, ukubwa wake kama kiganja cha mkono, kimetobolewa tundu, kimetiwa kamba, na mtoto huvikwa shingoni. Mtoto huyo hakuiba. Hakupigana. Hakutoroka shule. Kosa lake ni kwamba alimwambia mwenzake kwa Kiswahili, "Niazime kalamu." Basi atakivaa kibao hicho mpaka amnase mwingine aliyeteleza kama yeye, naye amvike. Jioni wote waliokivaa huitwa mbele, na kiboko ndicho kinachofunga siku.

Yako hayo katika baadhi ya shule za nchi yetu, na shabaha yake twaambiwa ni njema: watoto wakijue Kiingereza. Wako pia watakaosema kwamba mambo ya shule tuwaachie walimu. Nasema hapana. Jambo linalomfundisha mtoto wa kabwela kuionea haya sauti ya mama yake haliwezi kuwa la walimu peke yao. Tena hata kwa shabaha yake lenyewe halifai. Kibao hakifundishi Kiingereza. Kinafundisha kunyamaza, na hakuna mtu aliyepata kujifunza lugha kwa kunyamaza.

NIMEKIVAA, NIMEKIVIKA

Sisemi kama mtu aliyesimuliwa. Kwetu ni kijijini, na asubuhi tuliamkiana "Mwangaluka". Kiswahili nilikikuta darasa la kwanza. Ndimi zetu Wasukuma, kama mjuavyo, hazikuzoea kuzitenga r na l. Siku moja niliulizwa nimeshika nini mkononi, nami nikajibu kwa nguvu zangu zote, "Lula!" Darasa zima likaangua kicheko. Kicheko cha watoto ningekistahimili, lakini mwalimu naye alicheka. Tangu siku hiyo mara nyingi nilijua jibu nikakaa nalo moyoni.

Kidato cha kwanza nikakutana na Kiingereza, si tena kama somo moja tu. Jiografia kwa Kiingereza, historia kwa Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza. Nilikivaa kibao mara nyingi, kisha nikagundua njia ya kukikwepa: wakati wa mapumziko nilikaa peke yangu. Asiye na mtu wa kusema naye hakosei.

Hayo nilitendewa. Hili nililitenda mwenyewe. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipelekwa shule moja kwa mazoezi ya kufundisha. Siku hiyo nilifundisha kwa Kiingereza jinsi mvua inavyofanyika. Nikasikia minong'ono. Binti mmoja alikuwa akimweleza jirani yake kwa Kiswahili: "Ni kama maji ya sufuria, mvuke unapanda, ukigonga mfuniko unakuwa matone." Hakuna mtu aliyelieleza somo lile vizuri kuliko yeye siku ile, na mimi nikiwamo. Nikamvika kibao. Ndiyo ilikuwa desturi ya pale, nami nilitaka nionekane mwalimu hodari. Wiki zote zilizobaki binti yule hakufungua kinywa. Katika taarifa yangu nikaandika kwamba ni mwanafunzi mtulivu. Neno hilo laniuma mpaka leo.

WOGA WA MTOTO, WOGA WA MWALIMU

Wakulima wanajua kwamba ardhi iliyokauka ikawa kama jiwe hainywi mvua ya kwanza. Maji hupita juu yake yakaenda zake. Ndivyo ulivyo moyo wa mtoto mwenye hofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu mmoja wa Marekani, Stephen Krashen, aliifananisha hofu na chujio: maneno yanafika masikioni, lakini moyo ukiwa na wasiwasi hayapiti kwenda ndani yakawa mali ya mwenye kuyasikia. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake walieleza kwamba woga wa darasa la lugha ya kigeni ni woga wa namna yake, wenye mambo matatu: kuogopa kusema, kuogopa kuhukumiwa na wenzako, na kuogopa mtihani. Anayejifunza hesabu akikosa, amekosa hesabu. Anayejifunza lugha akikosa, yeye mwenyewe huonekana mjinga, maana lugha ndiyo sura anayoonekana nayo mbele za watu.

Lakini tusiwe watu wa kuona nusu ya jambo. Darasani mna woga mwingine ambao hatuutaji, nao ni woga wa mwalimu. Mwalimu mwingi wa sekondari alipita njia ile ile niliyopita mimi. Kiingereza chake alikipata kwa viboko, kwa hiyo akisimama mbele ya watoto sitini anaogopa kuulizwa swali. Akiulizwa, itambidi ajibu kwa maneno yake mwenyewe, wala si ya kitabu. Basi kibao kinamfaa sana! Darasa linanyamaza, ubaoni yanaandikwa maelezo ya kunakiliwa, na hakuna wa kuuliza. Simlaumu mwalimu huyo kama mtu mbaya. Namwona kama ndugu aliyejeruhiwa, naye anawapa watoto jeraha lile lile kwa kuwa hakuonyeshwa dawa nyingine.

SHULE ISIYO NA KIBAO

Anayesema lugha haiingii ila kwa kiboko, na aje hapa Kalangalala siku yoyote ya juma. Atamkuta Msukuma, Mzinza, Mjita, Mkerewe, Mhaya na Muha aliyetoka Kigoma. Dhahabu imewaleta wote. Wapo wanaofika na maneno machache tu ya Kiswahili. Baada ya muda utamkuta mtu huyo huyo kwenye duara akielekeza kamba, kwenye karasha akibishana bei ya kusaga mawe, sokoni akimpigia hesabu mama wa dagaa bila kukosea hata shilingi. Nani alimfundisha? Hakuvikwa kitu shingoni. Alikuwa na haja ya kusema, na alikuwa na watu waliotaka kumsikia. Alipokosea walicheka naye, wakampa neno lililo sahihi, kazi ikaendelea. Kucheka na mtu ni jambo moja. Kumcheka mtu ni jambo jingine kabisa.

Mtu atasema, lakini machimboni kuna hofu kubwa kuliko ya shule. Ni kweli, ipo hofu ya kifusi. Lakini mchimbaji anaogopa mwamba, haogopi neno. Anayeteremka chini ya ardhi hutaka neno lake lisikiwe haraka, kwa hiyo hulitamka kwa nguvu hata kama limepinda.

Tena tunao ushahidi wa zamani, wa hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 ulikuwapo mradi mkubwa wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO. Makao yake yalikuwa Mwanza, na ulihudumia mikoa minne ya kando ya ziwa: Mwanza, ambayo Geita ilikuwa wilaya yake wakati ule, na Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Wazee na akina mama ambao lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kisukuma, Kijita au Kihaya walijifunza kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Vitabu vyao vilisema juu ya pamba, uvuvi, ndizi, ng'ombe na mambo ya nyumbani, yaani mambo ambayo mwanafunzi aliyajua kuliko mwalimu. Mwaka 1967 wasiojua kusoma katika nchi yetu walikuwa kiasi cha watu 67 katika kila 100. Kwa hesabu za serikali, kufika mwaka 1986 walikuwa wamebaki kama 10 tu. Msukumo wa viongozi ulikuwapo, sikatai. Lakini nani angethubutu kumvika kibao mzee wa miaka hamsini kwa kuwa amesema Kisukuma? Angeinuka akaenda zake, na wenzake wangemfuata. Mtu mzima aliheshimiwa kwa sababu alikuwa na miguu ya kuondokea. Mtoto hana pa kwenda, ndiyo maana anaonewa.

KIBAO KINA WENYEWE

Na tujue kimetoka wapi. Si mila ya Msukuma, wala ya Mwafrika yeyote. Karne ya 19 watoto wa Wales walivikwa kipande cha mti kwa kusema Kiwelisi shuleni. Huko Ufaransa watoto wa Brittany walipewa alama ya aibu kwa kusema Kibretoni. Kenya, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa shule yao walivyochapwa au kuvikwa bamba la chuma kwa kusema Kikuyu, na jinsi mtoto mmoja alivyofanywa mpelelezi wa mwenzake. Kumbe ni chombo kile kile, kimesafiri nchi hata nchi, na kila kilikofika kazi yake ilikuwa moja: kumfanya mnyonge ajidharau mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Mkoloni aliondoka mwaka 1961. Je, ni haki tumtunzie kibao chake?

Hata sheria yetu haikitambui. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema kiboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, na iandikwe katika kitabu. Je, "Niazime kalamu" ni kosa kubwa la nidhamu? Limeandikwa katika kitabu gani?

WANAOTUPINGA

Wa kwanza wanasema: bila kulazimishwa hawatasema. Nawajibu: mtoto yule yule asiyejibu swali moja la Kiingereza darasani atakutajia wachezaji wa Ligi ya Uingereza mmoja mmoja, na maneno ya mchezo ya Kiingereza atakupa bila kusita. Nani alimchapa ayajue? Anayapenda. Kipendacho roho hula nyama mbichi.

Wa pili wanasema: mtihani ni kwa Kiingereza, tutafanyaje? Ni kweli, na ndiyo sababu ya kulia zaidi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilishauri sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili. Haikuwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu, wakakuta wengi hawana Kiingereza cha kutosha kujifunzia. Pamoja na hayo wakashauri Kiingereza kiendelee, na fedha za Uingereza zikaja kukisaidia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, iliandika kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Mpaka leo mtoto akiingia kidato cha kwanza shule ya serikali hukutana na Kiingereza. Tangu mwaka 2016 tumeondoa ada mpaka kidato cha nne, na wana wa maskini wameingia kwa wingi. Tumewafungulia mlango, kisha ndani tukawaambia wafunge vinywa! Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa, nao utaendelea. Lakini kumvua mtoto kibao hakungoji tume, hakungoji sera, hakungoji Bunge. Kunaweza kufanyika kesho asubuhi.

Wa tatu wanasema: shule za kulipia zinafanya hivyo, na watoto wao wanafaulu. Ndugu zangu, watoto wale wana vitabu, wana madarasa madogo, na wengine wanasikia Kiingereza nyumbani tangu utotoni. Kwa nini katika yote hayo sisi tumeona kibao peke yake? Ni sawa na mtu aliyemwona jirani amenenepa, akaenda kununua mkanda kama wake.

Wa nne ndio wenye kasumba iliyokomaa. Wanasema: ninyi mnachukia Kiingereza, mnataka tubaki nyuma. Hasha. Mwalimu Nyerere alizaliwa katika Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na baadaye akasoma mpaka Makerere na Edinburgh. Mtu huyo huyo aliyewaongoza wananchi kwa Kiswahili aliipenda kazi ya Shakespeare hata akaitafsiri, na tafsiri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais. Hakuona haya ya Kizanaki, wala ya Kiswahili, wala ya Kiingereza. Huyo ndiye mtu tunayemtaka: mwenye lugha tatu na aibu hata moja.

KIBAO KISICHO NA KAMBA

Sasa nigeuke kwetu wenyewe, maana nyani haoni kundule. Kiko kibao kingine ambacho sisi wana chama tunakivika watu kila siku. Katika mkutano mmoja wa tawi mama mmoja alisimama kuuliza. Alianza kwa kusema, "Sisi tuliopiga kula..." Vijana wakacheka. Nami nilikuwa meza kuu, nikatabasamu. Mama akaketi. Baadaye niliambiwa alitaka kuuliza juu ya maji. Mkutano ule haukulisikia swali lake, na mabomba ya kwao hayakuingia katika kumbukumbu zetu.

Je, hiyo ni siasa gani? Mwaka 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilopangiwa na serikali ya kikoloni, wakaandamana mpaka Mwanza. Hakuna aliyewauliza kama r zao zimenyooka. Wajukuu wao wakinyamazishwa kwa kicheko katika mkutano wao wenyewe, tumerudi nyuma ya pale. Twajivunia kwamba UNESCO mwaka 2021 iliifanya tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, siku ile ile ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Fahari hiyo haina maana kama Kiswahili nacho tutakifanya fimbo ya kumpigia Msukuma. Aliyejeruhiwa katika lugha ya pili ataingia katika lugha ya tatu akichechemea.

TUFANYE NINI?

Haifai kulalamika kisha tukaenda kulala. Haya yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila mwanachama aliye mzazi ahudhurie kikao cha wazazi, asimame, aulize kwa adabu: hapa kiko kibao? Kama kipo, kinatolewa lini? Na jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Asiende kumtukana mwalimu. Mwalimu ni mwenzetu, naye ana mzigo.

Pili, walimu walio wanachama waanze wao. Mwache mtoto aulize kwa Kiswahili, umjibu kwa Kiingereza chepesi, kisha mrudie pamoja. Mwache alieleze somo kwa mfano wa sufuria ya kwao kabla hujamdai maneno ya kitabu. Kosa lake lisahihishe kwa kulisema neno sawasawa, bila kulitangaza. Na wewe mwenyewe ukikosea, sema mbele yao, "Nimekosea, tuangalie kamusi." Siku watakapomwona mwalimu akikosea bila kufa, watathubutu nao kukosea.

Tatu, kwa watoto wadogo wanaotoka nyumba za Kisukuma, neno moja la nyumbani lisihesabiwe uasi. Mwalimu anayejua Kisukuma akimwambia mtoto "Wabheja" siku ya kwanza, hajaharibu Kiswahili. Amemwonyesha kwamba mtu wa kwao anakaribishwa hapa.

Nne, katika mikutano yetu mwenyekiti awe na amri moja: anayemcheka msemaji kwa matamshi yake, atoke nje.

Mimi nimeanza kwa deni langu. Nilirudi shule ile ya mazoezi, miaka ikiwa imepita, kumtafuta binti niliyemvika kibao. Hakuwapo tena, na hakuna aliyeweza kuniambia alikokwenda. Siwezi kumwomba radhi. Naweza tu kuwaambia ninyi mlio na watoto mbele yenu leo: huenda yule mnayemwandika "mtulivu" ndiye aliyelielewa somo kuliko wote, naye anasubiri mtu amwambie sema.

Vueni watoto vibao, waache waseme!